Miwani Imebaki Garini

Mke wangu Lisbet aliniambia mara tatu nilipie nafasi ya gari kabla hatujatoka nyumbani. Mara ya kwanza jikoni, Jumatano. Mara ya pili kitandani. Mara ya tatu Jumapili asubuhi, injini ikiwa inanguruma na mama yangu amekwisha kufungwa mkanda. Nikamjibu kwamba sijawahi kulipia mahali pa kusimamisha gari na sitaanza leo, nikiwa na miaka hamsini na tatu.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kosa lilikuwa la nani.

Mama yangu anaitwa Dagny. Ana miaka themanini na minne na magoti yamemkataa. Alipokuwa kijana, yeye na pacha wake Magda walitarizi kitambaa cha ukutani, kirefu kama trela la trekta, chenye kila nyumba ya parokia yetu. Magda alianza kushoto, mama kulia, wakutane katikati. Walipobakiza nyumba chache za katikati, mama akapelekwa hospitali kunizaa mimi. Magda akamalizia peke yake. Kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kitambaa kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa kwenda Kopenhageni, na kabla ya Pasaka Magda alikuwa amekufa. Mshipa wa kichwani. Makumbusho wakakikunja wakakiweka gizani, kwa sababu mwanga hula nyuzi.

Mwaka huu wakakitoa. Wakakitundika kwa msimu mmoja wa baridi, kisha kirudi gizani miaka kumi. Jumapili ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na walifunga saa kumi na moja jioni.

"Miaka kumi ijayo nitakuwa na tisini na minne," mama alisema. "Nitakachoweza kuona wakati huo ni mbingu, nikibahatika."

Hakuna aliyecheka. Alitaka kuona kile alichoshona Magda katikati. Basi. Hilo tu ndilo lililotutoa kwetu Lemvig, huko Jutland, mpaka Kopenhageni.

Tulikwenda na gari langu la kazi, kwa sababu kiti cha magurudumu hakikuingia kwenye kigari cha Lisbet pamoja na sisi wanne. Mimi ni fundi mabomba. Gari limeinuka juu, lina viti vitano, na juu lina ngazi. Tulihesabu kufika saa saba mchana. Lakini kwenye daraja kubwa la baharini upepo ulikuwa mkali, wakayazuia magari yaliyoinuka, tukakaa pale karibu masaa mawili tukila mkate mweusi, tukinywa kahawa ya chupa na kubakiza ya kurudia, na kutazama magari madogo yakipita. Mama alivua miwani, akalala. Alipoamka tulikuwa tunaingia mjini na ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

"Baba, kuna maegesho ya chini ya ardhi nyuma ya makumbusho," alisema Solvej, binti yangu. Ana miaka kumi na sita na simu haimtoki mkononi. "Nafasi arobaini ziko wazi."

Nikaenda. Nikashuka mteremko mpaka nilipoliona lile bomba jekundu linaloning'inia kwenye minyororo, na juu yake maandishi: kimo mwisho mita mbili. Nikakanyaga breki. Nyuma yangu tayari kulikuwa na magari matatu.

"Gari letu lina kimo gani?" aliuliza Lisbet.

"Mbili na nusu, na ngazi."

"Ulijua?"

"Nalipanda kila siku, mwanamke. Nitaachaje kujua?"

"Basi unatafuta nini humu?"

Ilibidi wale watatu warudi kinyumenyume kwanza. Wa nyuma kabisa alitoka nje akanipigia makofi, taratibu, kama mtu aliye kwenye tamasha. Dakika kumi zikaenda.

"Mbele ya mlango kuna nafasi za walemavu," alisema Solvej. "Bibi ana kadi."

"Haya, hilo ndilo neno. Lisbet, toa kadi."

Nilimtazama kwenye kioo, naye akatazama nje.

"Iko kwenye kigari changu," akasema. "Dirishani. Inakaa humo siku zote."

Hapo ningeweza kusema kitu, lakini kwenye hesabu ya makosa bado nilikuwa naongoza.

"Kuna jambo la tatu," alisema Solvej. "Unaacha gari nje ya mji kwenye stesheni, halafu treni."

"Na kiti cha magurudumu? Tutafika wakizima taa."

"Niwekeni mlangoni," alisema mama. "Halafu mzunguke mpaka mafuta yaishe."

"Wewe utatazama, sisi tutakuja."

"Bila wewe siingii, Egon. Ulitutoa kazini wakati ule. Leo utasimama hapo uone tulichokuwa tunafanya."

Mama akisema neno la namna hiyo hulirudii kumuuliza. Nikazunguka. Barabara zote ni za njia moja na zote zinakwenda usikokwenda. Upande wa kulia baiskeli zinapita kama maji ya mfereji, na ukigeuka bila kutazama unaua mtu. Nilitoka jasho mpaka usukani ukateleza. Saa kumi kasoro kumi nikaona pengo kwenye kona, kati ya gari jeupe na nguzo. Nikaliingiza kwa mara nne. Tako la gari lilitokeza kidogo kwenye njia ya baiskeli, kama hatua moja.

"Limetokeza, baba," alisema Solvej.

"Watapita."

Nikafungua kisanduku cha mbele nikatoa kisaa. Kwetu hakuna gari lisilo na kisaa. Ni kile kidude cha plastiki cha buluu: unafika, unasogeza mshale kwenye robo saa inayofuata, unakiweka kwenye kioo cha mbele, unakwenda zako masaa mawili na hakuna anayekuuliza. Baba yangu alinifundisha kukitumia kabla ya kunifundisha kuendesha. Juu yake palikuwa na kibweta cheusi. Nikakisukuma ndani, nikaweka mshale saa kumi kamili, nikafunga kisanduku, nikafunga gari. Nilijisikia mtu mwenye akili.

Tukamsukuma mama juu ya mawe ya barabarani. Kila jiwe lilimtoa sauti. Saa kumi na dakika tano tukafika mlangoni, tukashika foleni fupi. Mbele yetu alikuwa mwanamke mmoja wa mjini, koti jekundu, nywele fupi. Akatazama kiti, akatutazama sisi.

"Mmetoka mbali?"

"Lemvig," nikasema.

"Maskini! Gari mmepata wapi pa kuliweka?"

"Hapo kona ya pili. Nimeweka kisaa."

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekuletea chura.

"Kaka, hapa kisaa hakina kazi. Hapa watu wanalipa."

"Basi wataniandikia faini. Sitakufa."

"Kona ya pili upande gani? Usiniambie ule wa njia ya baiskeli."

"Limetokeza kidogo tu."

"Eh! Hao hawaandiki. Hao wanabeba."

Lisbet alifumba macho. Mimi nilikuwa nimeamua tayari. Libebwe, tutajua baadaye, kwanza tuingie. Wakati huohuo mama alikuwa anapapasa shingoni, kisha mifukoni, kisha kwenye mkoba uliokuwa mapajani.

"Miwani yangu," alisema.

Nikakumbuka kile kibweta cheusi. Nilikishika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Bila miwani naona rangi tu," alisema mama. Hakulalamika. Alisema kama anavyosema mvua inakuja. "Nyumba ya katikati ni kubwa kama kiganja. Sitaona hata mlango."

"Naleta."

"Nitakusubiri hapahapa."

"Ingieni, nitawakuta ndani."

"Nimesema hapahapa."

Nikakimbia. Mimi si mtu wa kukimbia. Nina kilo mia moja na kumi na viatu vya Jumapili. Kona ya kwanza pumzi ikakata, ya pili nikasikia baiskeli zikipiga kengele nyingi kwa pamoja, kisha nikaliona gari langu likiwaka taa za manjano ambazo hazikuwa zake.

Gari la kuvuta lilikuwa limeinamisha mkono wake. Kijana wa ovaroli alikuwa amelala chini akifunga mkanda kwenye gurudumu la mbele. Pembeni alisimama askari wa maegesho, mwanamke mrefu mwenye kofia, anaandika kwenye kimashine. Baiskeli zilikuwa zinalikwepa tako la gari moja moja, na kila mwendeshaji aliacha neno lake.

"Mwenye gari nono hili ni nani?"

"Punguza mkate, fundi!"

"Ni langu!" nikapiga kelele. "Hilo langu!"

Askari akainua macho. "Umefika wakati mzuri. Dakika mbili zaidi usingelikuta."

"Mama yangu anasubiri mlangoni. Nipe robo saa."

"Sina robo saa ya kutoa. Tazama watu."

"Kisaa hicho hapo! Nimekiweka saa kumi kamili!"

Kijana wa ovaroli akatoa kichwa chini ya gari. "Huyu ni mtu wa Jutland," alimwambia askari. "Wanakuja nacho kama hirizi."

Askari hakucheka, hilo nitamsifia. Akaniambia polepole, maana ameshawaambia wengi: "Sikiliza, bwana. Magurudumu bado yako chini. Ukilitoa mwenyewe sasa hivi, nafuta kila kitu isipokuwa faini. Ukitaka."

Nikatazama saa. Kumi na dakika kumi na nane. Kuliondoa ilikuwa na maana ya kuingia tena kwenye zile barabara, na mara ya kwanza zilinichukua nusu saa. Ningeweza kumpigia simu Solvej aje achukue miwani, mimi niendeshe. Miwani ingefika. Lakini mama alishasema hasogei bila mimi, na namjua. Angekaa pale mlangoni, miwani usoni, akitazama ukuta usiokuwa na kitu, mpaka walinzi wamsukume nje.

Na ndani ya gari mlikuwa na kila nilicho nacho. Mashine ya kukata mabomba, ya kuchomelea, pampu mpya. Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa na kazi ya boila ya kupasha joto shule ya watoto wadogo, iliyokufa tangu Ijumaa. Niliwaahidi saa moja.

"Basi?" alisema askari.

Nikafungua mlango, nikavuta kisanduku, nikachukua kibweta. Nikakifungua kuhakikisha. Miwani ilikuwamo, kioo kimoja kina alama ya kidole.

"Linyanyue," nikasema.

"Una hakika? Nimesema unaweza kuliondoa."

"Nimesikia. Linyanyue."

"Watu hulia hapa, unajua."

"Mimi nitalia Jumatatu."

Akanipa kikaratasi chenye anwani ya kule wanakoyapeleka. Nikakitia mfukoni bila kukisoma, nikageuka kukimbia, na nyuma yangu nikasikia mnyororo ukikaza na ngazi yangu ikigonga bati. Sikutazama. Kama ningetazama ningerudi.

Walikuwa palepale. Solvej alikuwa ameinua simu kunionyesha saa: kumi na nusu kasoro kidogo. Lisbet alinitazama usoni, akaona, akafungua mlango. Tukaingia. Lifti ilikuwa ndogo na ilipanda kama inasali.

Chumba kilikuwa na mwanga hafifu. Kitambaa kilichukua ukuta mzima. Nilizaliwa katika parokia ile, nimeingia kila nyumba yake kuzibua choo, na bado nilisimama nikatazama kama mgeni. Kila paa lilikuwa na rangi yake. Sakafuni palikuwa na mstari wa kutovuka, mita moja kutoka ukutani.

Mama alifuta miwani kwa ncha ya skafu, akaivaa. Nikamsukuma taratibu kuanzia kulia, upande wake. Nyumba zake alizipita haraka, akinung'unika: "Hii niliharakisha. Hii mbaya." Kisha akanyoosha mkono. "Simama."

Tulikuwa katikati. Nyumba yetu, ile ya zamani yenye mlango wa kijani.

"Hapa si mimi," alisema. "Magda alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Nyuzi zake zinalala kinyume na zangu. Tazama."

Niliinama, nikaona kweli. Ukutani mwa nyumba nyuzi ziligeuka, kama nyasi upepo unapobadilika.

Mlinzi alipita akasema zimebaki dakika kumi. Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika na nikadhani analia.

"Mbele ya mlango," akasema. "Kile cheusi. Unaona?"

Kilikuwa kidogo kama kucha ya kidole gumba. Magurudumu manne, kifuniko kilichofungwa, kama vile vigari ambavyo kwetu watoto wanalazwa ndani yake nje ya nyumba hata theluji ikianguka.

"Ni kigari cha mtoto," nikasema.

"Ulikuwa na siku tatu tu. Magda hakuwa amekuona bado."

Solvej alisogea mpaka vidole vya viatu vikagusa mstari. Lisbet alinishika mkono wa koti.

Mama alikuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanatoka pia, lakini alikuwa anacheka. "Mtazame," alisema. "Katikati ya njia. Mtu hawezi kupita kuingia ndani. Hata siku ile ulipaki vibaya."

Mlinzi akaanza kuzima taa kutoka upande wa mbali. Mama akaomba dakika moja zaidi, mlinzi akampa.

"Gari liko wapi?" akaniuliza, bila kuondoa macho ukutani.

"Wamelichukua, mama."

"Na kahawa?"

"Na kahawa."

Akatingisha kichwa, akasogeza miwani puani, akaendelea kutazama.