Sauti Isiyochomolewa

Jumamosi alasiri, Alen alikuwa studio kwake Lushoto mjini, akichanganya upya wimbo wake wa harusi kwenye kompyuta, baba yake alipoingia na kuomba maji. Baba huyo, Mzee Kristian, alikuwa amezikwa kijijini Mtae tangu kabla ya masika. Alivaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo, na viatu vyake vilijaa udongo.

"Shikamoo baba," alisema Alen.

"Marahaba. Umeniita tena."

Alen akazima wimbo, akaenda kuchota maji. Aliona aibu, kwa sababu ni kweli alikuwa amemwita.

Dada yake, Loveness, ni fundi redio. Alijitengenezea kinanda cha nyaya: masanduku ya mbao yenye vitufe vya kuzungusha na matundu mengi, na nyaya za kuchomeka kutoka tundu hili hadi lile. Sauti inatokana na nyaya zilivyopita. Kinanda hakihifadhi kitu. Ukichomoa, sauti imekwenda, na hata fundi mwenyewe haipati tena ilivyokuwa. Ndiyo maana usharika wa Mtae ulikitaka misibani. Kila marehemu alitafutiwa sauti yake, ikapigwa kaburini mpaka koleo la mwisho la udongo, kisha Loveness akachomoa nyaya mbele ya waombolezaji. Marehemu akaenda zake, watu wakaenda kula.

Alen aliuona huo ni ushamba. Kompyuta yake ilikuwa na programu yenye kinanda cha namna hiyo hiyo, nyaya zimechorwa kwenye kioo, na sauti yoyote ilihifadhiwa ikaitwa tena kwa kubofya. Tena haikuhitaji watu wawili wa kuibeba mlimani. Siku ya kumzika baba alirekodi sauti ya kinanda aliyotafutiwa, nene na ya taratibu kama mzee alivyoongea, akaiingiza kwenye programu. Mwanzoni aliisikiliza peke yake, akalia. Baadaye akaitia kwenye wimbo huo wa harusi, na wimbo ukapendwa milima yote.

Kila ulipopigwa, Mzee Kristian aliamka akaenda ulipo. Wenye harusi walimpa kiti na sahani ya pilau, kwa kuwa alikuwa mtu wa watu. Lakini alikuwa amechoka, na Alen alijua ni yeye aliyemchosha.

Loveness alifunga kibanda chake sokoni, akapita studio, akamkuta baba anasinzia kwenye benchi.

"Mimi nilichomoa," alimwambia mdogo wake. "Nilichomoa mbele ya watu wote, wewe ukamshika."

"Nisamehe dada. Sikutaka apotee."

"Ndiyo kazi ya kuzika, Alen. Futa."

Alen akaifuta sauti kwenye programu, akaufuta na wimbo. Mzee akashusha pumzi, akalegeza tai, akaegemea ukuta. Alen naye akahisi mzigo umeshuka. Kisha bodaboda ikapita barabarani, simu ya dereva ikiimba wimbo ule ule, na mzee akafumbua macho.

Loveness akatafuta cha kuchomoa. Akauchomoa waya wa spika, kwa mazoea tu, na barabarani wimbo ukaendelea.

"Uko kwenye simu za watu," alisema Alen. "Nitawapata wapi wote?"

Dada yake aliukunja ule waya vizuri, akauweka mezani.

Mzee Kristian alisimama, akafunga vifungo vya koti. "Sasa ni harusi ya Gare," alisema. "Wameshaanza kucheza."

"Baba, nikupeleke kwa pikipiki?"

"Utakuwa umenisaidia. Ule mlima unaniua."

Alen akachukua ufunguo. Baba alimshika mabega kwa mikono ya baridi, na Alen akaendesha polepole kwenye kona, asije akamwangusha.

Walipofika Gare, wimbo ulikuwa unakwisha. Mzee alishuka, akasimama pembeni ya wachezaji mpaka ukanyamaza, akageuka aondoke zake akapumzike.

Bibi harusi akaomba urudiwe.