Bado Hajajaaliwa

Sisi akina mama, jambo likituuma tunalifunika, kisha tunakaa juu ya kifuniko na kusema tumelinda watoto wetu. Mama wa kisa hiki alifanya hivyo mwaka mzima, tena kwa mapenzi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ninaonya, kwa sababu mbaya hujulikana mapema.

Alikuwa fundi wa sare za shule. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani tatu, meza ya kukatia, na televisheni ndogo juu ya kabati la vitambaa. Binti yake, wa miaka ishirini na sita, alirudi kwake baada ya kuzika mtoto mchanga na baada ya mume kushika njia yake. Alirudi kama mtu aliyekufa ganzi mwili mzima. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia mashati arobaini yanataka matundu ya vifungo, anayatia yote arobaini bila kuinua kichwa. Siku moja sindano ilimpita kidoleni. Aliitazama damu ikichafua kola nyeupe, akasema, "Mama, hili litabidi lifuliwe," akachukua shati jingine.

Mama yake akamwogopa kuliko kama angelia.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mama alikusanya nguo zote za mtoto akazigawa. Jina la mtoto akalipiga marufuku nyumbani, asije akamtonesha mwanawe kidonda. Alihamisha hata chumba cha kazi, akapanga mtaa mwingine ambako hakuna aliyewajua. Huko, mteja akimwangalia binti na kuuliza, "Huyu naye ana watoto wangapi?" mama alidaka jibu upesi kabla halijamfikia mwenyewe: "Bado hajajaaliwa."

Alilisema mara nyingi mpaka likawa jepesi mdomoni kama salamu. Binti alikuwa akisikia. Cherehani yake haikusimama hata mara moja.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: tamthilia ya nesi, saa moja jioni. Walikuwa wakiitazama pamoja kwa miaka sita, tangu binti hajaolewa. Katika mwaka wa tatu wa tamthilia, nesi alifiwa na mtoto. Tangu hapo, kila alipotaka kuingia wodini, alitia mkono mfukoni mwa sare yake, mlimokuwa na soksi moja ndogo. Watengenezaji hawakueleza tena. Aliyeanza nao alijua.

"Ameshika," binti alikuwa akisema.

"Ameshika," mama alikuwa akijibu.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya siku. Mama aliyashikilia kwa mikono miwili.

Tamthilia ikaisha. Kwa miezi miwili saa moja jioni ilipita kavu. Halafu likabandikwa tangazo kwamba nesi anarudi, safari hii katika filamu ya saa mbili. Mama akapata roho. Alijiambia kwamba mwanawe akimwona tena nesi, mdomo utafunguka.

Mwenzao kazini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeajiriwa baada ya wao kuhamia pale. Walimwita Vifungo, kwa sababu mdomo wake haukuwa na hata kimoja.

"Twende wote watatu," alisema Vifungo. "Ila mimi huyo nesi simjui hata kwa sura. Nitaambulia kitu kweli?"

"Utapotea, mdogo wangu," mama alimjibu. "Ile ni miaka sita. Utaulizauliza mpaka tutolewe ukumbini."

"Basi hiyo si filamu, huo ni mtihani wa marudio! Filamu ijisimamie. Mtu akate tiketi, akae, aelewe, aende zake. Mimi nianzie darasa la kwanza kwa ajili ya nesi?"

Mama akacheka. Binti akamaliza tundu alilokuwa akilitia, akasema bila kugeuka, "Watu hawaanzii pale ulipowakuta, dada."

Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyosema mwezi ule. Mama alitaka aendelee. Binti akachukua shati jingine.

Jumamosi mchana wakaenda. Ukumbi ulikuwa nusu mtupu, viti vimechakaa vitambaa, na mama, kama fundi, vidole vyake vikawa vinapapasa mshono uliofumuka pembeni mwa kiti. Nesi akatokea. Amehamia hospitali mpya, mji mpya. Daktari mmoja mcheshi anamwonyesha wodi. Nesi akafika mlangoni, akasukuma mlango, akaingia.

Mikono yake yote miwili ilikuwa nje.

Mama alisubiri binti aseme kitu.  Labda baadaye, mama aliwaza, labda soksi wameiweka mbele. Katikati ya filamu, wakila mezani, daktari akauliza, "Na wewe, una watoto?"

Nesi akatabasamu. "Bado sijajaaliwa."

Sauti ilikuwa ya nesi lakini maneno yalikuwa ya mama, na tabasamu lilikuwa lake vilevile, lile la kuharakisha mteja aulize bei ya kaptura. Akamtazama mwanawe kwa pembe ya jicho. Binti alikaa wima, uso umetulia, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno. Mama akamgusa mkono. Ulikuwa baridi na haukuujibu wake.

Walipotoka, Vifungo alisimama kwenye ngazi za nje huku akijifuta machozi ya kucheka.

"Mmeona? Hakuna nilipopotea! Mlinitisha bure. Nimeelewa mwanzo hadi mwisho."

"Umeelewa kwa sababu wamemtoa mtoto," alisema binti.

"Mtoto gani?"

"Nesi alikuwa na mtoto. Alikufa."

"Ah, kumbe!" Vifungo akafikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kupuuza. "Sasa wangemweka wapi, mdogo wangu? Sisi wageni wangetuchanganya. Ingebidi waanze kueleza alizaliwa lini, aliugua nini."

"Hawakuhitaji kueleza. Aseme tu, nilikuwa naye. Wewe ungeshindwa kuelewa hilo?"

Vifungo akakubali kwamba asingeshindwa. Kisha, kwa sababu alipenda watu wacheke, akampiga kikumbo cha utani. "Achana na nesi bwana. Wewe harakisha wako! Ukijaaliwa, nguo zote za kichanga nashona mimi."

Binti hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimgeukia mama yake kwa macho yale yale aliyoitazamia damu kwenye kola.

"Mama, mwambie."

Watu walikuwa wakishuka ngazi, wanawapita kushoto na kulia.  Mama aliona kwamba akisema, mwanawe ataporomoka pale pale mbele za watu. Aliona pia kwamba asiposema, hatasikia tena neno kutoka kwake, na atabaki na mtu wa kutia matundu ya vifungo tu.

"Alijaaliwa," alisema. "Nilikuwa na mjukuu. Wa kike. Alikaa siku kumi na tisa."

Vifungo akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ishirini na tatu," alisema binti.

"Ishirini na tatu?"

"Ishirini na tatu, Mama."

Hakuporomoka. Sauti yake ilikuwa kavu, kama anayemsahihisha mtu vipimo vya kiuno.  Mama alikuwa amelifunika jambo vizuri kiasi kwamba hata yeye aliposhika kifuniko akifunue, hakukumbuka kilichokuwamo.

Vifungo alishusha mkono. "Nisamehe, mdogo wangu. Sikuambiwa." Halafu, taratibu, akauliza lile ambalo mama hakuwahi kuuliza: "Alikuwaje?"

Binti akakaa kwenye ngazi. Alianza na nywele. Alieleza polepole, bila chozi, jina akilitaja kila mara badala ya kusema mtoto, na watu wakawa wanamzunguka wapite. Mama aliketi ngazi moja chini yake, akasikiliza. Mengine hakuwa akiyajua. Alipotaka kudakia amsaidie, binti alisema, "Subiri, Mama," naye akasubiri.