Baba Alitoka Mara Tatu

Baba alikuwa ameshafika getini na begi lake, anamwacha mama moja kwa moja, binti yake alipoita: "Baba, hebu rudi! Mwanga umekataa."

Chuoni, binti na wanafunzi wenzake wa filamu walikuwa wanapanga filamu ya taharuki. Mwalimu aliwaambia mtu akitoka, kamera ibaki mlangoni, mtazamaji ahangaike mwenyewe. Binti alitaka kumwambia baba asiende, badala yake akashika kamera.

Baba akarudi, akatoka tena.

"Bado, baba. Safari hii usigeuke nyuma."

"Haya mama, bosi ni wewe."

Hakugeuka. Kamera ikabaki mlangoni dakika nne nzima.

Filamu ilifaulu. Mama hajaitazama. Baba ana mke mwingine na mapacha. Binti anapiga video za harusi.