Sponji Niliyokatazwa Kuosha

Mimi uchafu siuwezi. Kwa hiyo Ambaro, jirani yangu tunayetazamana milango hapa Eastleigh, aliponiletea kipande cha sponji chenye utelezi wa kahawia, nilimwambia nyumba yangu si jalala. Alikuwa amekikata kwenye chujio la tangi lake la samaki.

"Kitie kwenye tangi lako dogo, Mama Mativo, pamoja na majani haya," akasema. "Na usije ukakiosha kwa maji ya mfereji."

Nilikubali shingo upande. Lakini tangi lake yeye, jamani, ungelitazama mpaka ugali uungue jikoni. Majani ya kijani yamesongamana nyuma, machache mekundu mbele, na katikati anapita Bilan, samaki bapa wa mapezi marefu aliyemlea tangu akiwa mdogo kama ukucha. Maji ya kubadilisha anayaacha kwanza kwenye mitungi iliyo wazi mpaka harufu ya dawa ya mfereji iishe, halafu anayatia kidogo kidogo. Mwanamke ana duka la vitambaa na watoto watano, na bado ana subira ya namna hiyo. Mimi sina hata nusu yake.

Siku moja kabla ya Idi, Ambaro akiwa dukani, wifi yake Ifrah aliamua kumfurahisha. Kila nyumba ilikuwa inasafishwa, mazulia yamejaa kwenye kamba, na maji ya mgao yalikuwa yamerudi. Basi Ifrah akamwaga tangi lote, akasugua vioo, akaosha mawe na sponji mpaka vikatakata, akajaza upya moja kwa moja kutoka mferejini. Ulikuwa usafi wa kuonea wivu.

Ambaro aliporudi alikuta samaki wako juu wanahema, Bilan amelala ubavu. Ifrah akaanza kulia. Nilingoja nisikie matusi, maana mimi ningeyatoa.

"Ulitaka kunisaidia tu, abaayo, dada yangu," Ambaro akamwambia, huku akiwahamishia samaki kwenye beseni la maji ya mtungi. Kisha akanigeukia mimi. "Maji ninayo. Lakini ule utelezi ndio unaokula sumu ya mavi yao, na umeoshwa wote. Bila huo, Bilan hamalizi wiki."

Nilivuka kwenda kwangu. Sponji ile nilikuwa nikiitazama kila Jumamosi, mikono ikiniwasha kuiosha. Niliikata, nusu nikawaachia samaki wangu, nusu nikampelekea ndani ya bakuli la maji, chafu kuliko alivyoileta.

Ambaro aliipokea kwa mikono miwili. "Hukuiosha," akasema.

"Si ulinikataza."

Siku ya pili ya Idi niliitwa pilau. Bilan alikuwa wima katikati ya majani, akila chakula kilichotoka kwenye vidole vya Ifrah. Ambaro ndiye aliyemwambia amlishe.