Chini ya Sikio la Kushoto

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mhariri wa Chama cha Taifa cha Utafiti wa Haki za Binadamu alikata maneno "alichapwa kwa waya wa umeme" kwenye ukurasa wa kumi na tisa, akaandika juu yake "alihojiwa kwa ukali". Ngozi ya mgongo wake ikapasuka mistari mitatu. Alisubiri damu ipungue, akavaa sweta jeusi lililokuwa nyuma ya kiti, akafungua ukurasa wa ishirini.

Ndivyo kazi ilivyokuwa. Neno likitolewa kwenye ripoti lazima liende mahali, nalo lilikwenda kwa aliyelitoa. Mhariri aliyemtangulia alistaafu na meno manne, akakatiwa keki na kupewa saa ya ukutani. Sanduku la huduma ya kwanza lilitundikwa kando ya mashine ya kutoa nakala, na chama, tukipe haki yake, hakikuwahi kuliacha likaishiwa pamba.

"Tukiandika alichapwa, wizara itaturudishia," mkurugenzi alizoea kusema. "Lainisha, dada. Wakiisoma tu, tumeshinda." Alikuwa mtu mwema, mcheshi hata, na mwilini hakuwa na alama hata ya mbu.

Kurasa za ishirini hadi ishirini na nne zilikuwa za fundi viatu, aliyekamatwa kibandani pake mchana kweupe na hakuonekana tena. Walioshikiliwa pamoja naye ndio waliosimulia. Kufikia saa sita mhariri alikuwa amevunjika vidole viwili, ukucha wa gumba umedondokea kwenye chai, na mkono wake wa kushoto una matundu matano ya sigara yaliyopangwa sawasawa kuelekea kiwiko. Alipitia ukumbini kwenda kunawa. Kwenye benchi la wageni walikaa kina mama sita, na wa mwisho alikuwa mama yake fundi viatu, aliyekuja kuuliza swali lake la kila wiki.

"Ripoti itasema alipo?"

"Bado tunaandika, mama."

Jumapili mdogo wa kiume wa mhariri alikuja kula, kama kawaida. Alikuwa askari wa upelelezi. Mama yao alipofariki, mhariri ndiye aliyemlea, akimfunga kamba za viatu na kumpeleka shule kwa mkono. Alipokuwa akimpakulia supu, mkono wa sweta ulipanda. Kijana aliyatazama matundu, akapuliza kijiko chake.

"Huyo ni fundi viatu."

"Umejuaje?"

"Mimi huanzia kwenye kifundo cha mkono nikipanda. Mwenzangu huanzia kiwikoni. Nipe chumvi, dada."

Alimpa. Akauliza fundi yuko wapi.

"Alikufa Alhamisi moja. Alikuwa mbishi kweli, mpaka tukachoka. Risasi moja, hapa." Alijigusa chini ya sikio la kushoto kwa kijiko. "Tumemfukia nyuma ya gereji ya kituo, kwenye matairi mabovu. Supu yako leo imekolea."

Jumatatu mhariri alipiga moyo konde, akayaandika yote kwenye ukurasa wa ishirini na nne: risasi, sikio, gereji, matairi. Mkurugenzi akasoma mara mbili.

"Shahidi nani?"

"Mdogo wangu."

"Atatia sahihi?"

"Hapana."

"Basi hayo si matokeo ya utafiti. Au nimwandike yeye kama mtuhumiwa? Jina lake unalo wewe."

Alirudi mezani. Angeweza kuliandika lile jina. Lilikuwa na herufi saba, naye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuziandika. Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Kisha akakata sentensi yote, akaandika: "Hatima yake haijathibitishwa."

Risasi ilimwingia chini ya sikio la kushoto, ikatokea shavu la kulia, ikapiga kalenda ukutani. Mhudumu wa ofisi akaja na tambara, akaisogeza kalenda kidogo ifunike tundu. Mhariri akajaza pamba pande zote mbili, akamaliza sura ya tatu kabla ya chakula cha mchana.

Ripoti ilitoka baada ya wiki mbili, ina jalada la bluu, na utangulizi wake ulivishukuru vyombo vya usalama kwa ushirikiano. Mama yake fundi viatu alikuja na mfuko wa plastiki.

"Viatu vyako, mwanangu. Ulimwachia. Kimoja amekitia soli, kingine hakuwahi."

Mhariri alivipokea. Yule mama akamsogelea, akaichomoa pamba taratibu kwa vidole viwili, akachungulia.

"Kumbe hapa."

"Ndiyo, mama."

"Aliumia sana?"

"Hapa hapakuuma. Yaliyotangulia ndiyo yaliyouma."

"Na yuko wapi?"

Nyuma ya gereji, kwenye matairi mabovu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na hewa ikiyapitia kutoka upande huu hadi ule. Mhariri akatazama vile viatu.

"Haijathibitishwa, mama."

Yule mama aliirudisha pamba mahali pake, akaikandamiza vizuri isije ikadondoka.

"Basi nitasubiri ithibitishwe," alisema, akaenda ukumbini. Benchini sasa walikuwa tisa. Wakabanana kumpa nafasi.