Nukta ya Kumi na Saba Imehama

Jumanne ya pili ya Aprili, saa tatu asubuhi, Gatwiri aliketi mezani pake katika ofisi ya mradi mjini Garissa, akaunganisha kifaa cha GPS na kompyuta kwa waya uliofungwa plasta, akaanza kupakia mahali pa kupiga kambi. Zilikuwa nukta ishirini na tatu. Kila nukta ilikuwa mahali ambapo lori la kliniki lingesimama siku mbili tatu karibu na wafugaji. Lori lenyewe lilikuwa nyumba kamili, lina vitanda vitatu, jiko la gesi, choo, friji ya chanjo, na pazia la maua ambalo Faiza, muuguzi, alilitoa sebuleni kwake, maana alisema hawezi kuzalisha mtu mahali pasipo na pazia.

Gatwiri alikuwa mtu wa Meru, mwangalifu kupita kiasi, wa kusoma tarakimu kwa sauti kabla ya kuziandika na kuzisoma tena baada ya kuziandika. Alipofika nukta ya kumi na saba, Reer Rage, alisita. Reer ni watu wa mzee mmoja pamoja na mbuzi, ngamia na nyumba zao za mikeka. Mwaka uliopita aliipakia nukta hiyo bila kukosea hata tarakimu moja, na lori likakaa siku mbili mahali penyewe likitazamana na mgunga mmoja na ardhi tupu. Reer walikuwa mwendo wa siku nne kutoka hapo. Ebla, mkaza mwana wa mzee Rage, alijifungua huko mikononi mwa mama mkwe wake tu, na mtoto hakuishi. Sasa Ebla alikuwa mjamzito tena, na mwezi wake ulikuwa huu. Gatwiri hakuwahi kumwona, lakini jina hilo lilikuwa limemkaa kooni, na kila alipolikumbuka aliona haya hata akiwa peke yake.

Alio, dereva wa lori, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Madam, mwaka jana, ile siku mzee Rage alikuja hapa, wewe ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza wanakaa wapi. Ndivyo fomu inavyouliza."

"Haya. Sisi ukituuliza reer iko wapi, tunakwambia pale inaenda. Kwa sababu wewe mpaka ufike, hao wamefika. Mzee hakudanganya, walaal, dada yangu. Mvua ndiyo iligeuka, na reer ikageuka na mvua."

Gatwiri akaendelea kuandika tarakimu.

Alhamisi alifungua kifaa kukikagua kabla ya safari, akakuta nukta ya kumi na saba imesogea kilomita thelathini kaskazini mashariki. Akadhani ni mkono wake, ingawa mkono wake haukuwa na tabia hiyo. Akairudisha. Aliporudi kutoka chakula cha mchana ilikuwa imesogea tena, na nyingine nane zilikuwa zimeifuata. Juu ya meza, kando ya kifaa, palikuwa na mavi ya mbuzi, kiasi cha kujaza kijiko. Gatwiri aliyasukuma kwa rula hadi kwenye karatasi, akaenda kuyamwaga nje chini ya mwarobaini. Kifaa kilinukia moshi na maziwa. Aliweka maji kwenye kifuniko cha chupa ya soda, na baada ya saa moja kifuniko kilikuwa kikavu, hivyo akaenda kuazima bakuli jikoni.

Alio alikuja kuangalia.

"Zimeanza kutembea," alisema.

"Ndiyo."

"Mvua ya gu, hiyo masika yenu, imeanza kule juu." Kisha akaenda kupima upepo wa magurudumu.

Aliyelalamika ni Kang'ethe, mkuu wa ramani, aliyekuwa Nairobi akizitazama nukta zile zile kwenye kioo chake. Alipiga simu jioni hiyo hiyo.

"Gatwiri, hizo pointi zako zinacheza nini? Hii kumi na saba imehama mara mbili. Ikihama ya tatu, mfumo unaifuta. Mafuta tunayatoa kwa mahali panapojulikana."

"Na watu walio kwenye nukta?"

Kang'ethe alifikiri kwa uaminifu. "Mfumo hauna sehemu ya kujaza hiyo," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kukata simu alimtumia mama yake Gatwiri salamu, na akauliza kama ng'ombe wake aliyeugua amepona.

Gatwiri aliomba nafasi kwenye lori. Hakuwa amewahi kusafiri nalo, kwa sababu kazi yake iliishia kwenye waya, lakini safari hii aliogopa kubaki. Waliondoka Jumamosi alfajiri, kifaa kikiwa mapajani pake kwenye kitambaa, na bakuli miguuni. Walipita Modogashe, wakalala Wajir, na Jumapili saa nne walikuwa kwenye barabara ya Buna simu ilipolia. Nukta ya kumi na saba ilikuwa imehama mara ya tatu. Imefutwa, alisema Kang'ethe, na lori lielekee kumi na nane. Mafuta yaliyomo yalitosha kumi na nane, au yalitosha kwenda kumtafuta Ebla. Yote mawili hayakutosha.

Alio alizima injini. Gatwiri alifunua kitambaa. Nukta, ambayo ilikuwa imefutwa Nairobi, ilikuwa bado ikitembea kwenye kifaa, bila haraka, ikipanda na kushuka vilima.

"Mimi nimeshachemsha mikasi," Faiza alisema kutoka nyuma.

"Tukiifuata hivi hatutaipata," Alio alisema. "Reer haifukuzwi na lori. Huko hakuna barabara."

Ndipo Gatwiri alipofanya jambo ambalo fomu haikumfundisha. Alikiinua kifaa karibu na mdomo wake, akasema kwa adabu, kama anayepiga hodi: "Mzee Rage, asalaam aleikum. Mnaelekea wapi?"

Nukta ilisimama. Kisha mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutoka kwake, ukavuka laga mbili, mito mikavu ya mchanga, ukazunguka mlima, ukaishia kwenye uwanda ambao ramani iliuacha mweupe. Alio aliusoma mstari huo, akacheka kidogo, akasema anapajua, pana mchanga mgumu na lori halitazama.

Walifika saa tisa alasiri. Hapakuwa na mtu. Mwaka uliopita Gatwiri angevunjika moyo, lakini sasa alishuka, akasaidia kufunga turubai, akawasha jiko, akapika chai ya watu wengi. Baada ya dakika arobaini mbuzi walitokea nyuma ya kilima, halafu ngamia waliobeba nyumba, halafu mzee Rage mwenyewe na fimbo yake mabegani. Alimtazama Gatwiri na lori lake kama mtu anayetazama mlango wake mwenyewe.

"Umefika," alisema. "Mwaka jana mlikuja mahali sawa na siku si sawa."

"Naomba unisamehe, mzee."

"Kunywa chai," mzee alisema, ingawa chai ilikuwa ya Gatwiri.

Ebla alikuwa akitembea nyuma ya ngamia wa mwisho, mkono kiunoni. Alikuwa mfupi, mwenye mwanya, mdogo kuliko Gatwiri alivyomdhania. Uchungu ulimwanza Jumatatu alfajiri. Faiza alivuta pazia la maua. Tangu saa hiyo hakuna nukta hata moja iliyosogea kwenye kifaa. Zote ishirini na tatu zilisimama kimya kutoka Buna hadi mpakani. Saa tano na robo asubuhi mtoto wa kike alilia, na nukta zikaendelea na safari zao. Gatwiri alilia pia, waziwazi, akiwa ameshika bakuli la kunyweshea mbuzi wa kifaa. Wakamwita mtoto Osob.

Suala la mafuta halikuwasumbua, kwa sababu nukta ya kumi na nane ilikuwa imesogea kilomita arobaini kuja kuwapokea njiani.

Garissa, wiki iliyofuata, Gatwiri aliandika ripoti. Mfumo haukuwa na mstari wa kumi na saba. Alijaribu kumwandikisha Osob kwenye ukurasa wa watoto waliozaliwa kliniki, na mfumo ukamtaka achague mahali pa kuzaliwa kutoka kwenye orodha, na mahali pale hapakuwa kwenye orodha. Alijaribu mara tatu. Kang'ethe alimshauri aandike kwamba Reer Rage hawakupatikana, kama mwaka jana, na kwamba kuanzia sasa nukta zinazohama zifutwe pia kwenye kifaa, kwa sababu kuna waraka. Gatwiri alibonyeza kufuta. Nukta ya kumi na saba ikasogea pembeni kupisha kidole chake, kisha ikarudi. Alibonyeza tena, ikapisha tena. Akaandika kwenye ripoti kwamba amejaribu.

Akiwa anafunga kifaa ndipo alipoona nukta ya ishirini na nne. Hakuipakia yeye. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, ikifuata ile ya kumi na saba hatua moja nyuma, ikisimama inapochoka. Mstari wa kijani ulikuwa umeshatoka kwake bila kuulizwa, na haukuelekea malishoni. Ulishuka kusini, ukapita Wajir, ukapita Modogashe, ukavuka soko la Garissa na kuishia mbele ya dirisha la kuombea vitambulisho vya taifa, nyumba ya tatu kutoka ofisi yake. Chini ya mstari kifaa kiliandika tarehe ya kufika, na muda: miaka kumi na minane.

Gatwiri aliinakili tarehe kwenye daftari, akaisoma kwa sauti, akaisoma tena.