Mchanga wa Chini ya Mnara

Mahamud aliingia maabara ya udongo pale Chepkoilel, nje ya mji wa Eldoret, akiwa amekumbatia makopo mawili ya mafuta ya kupikia, yote yamejaa hadi mdomoni. Akayalaza mezani kwa Nasike taratibu, kama mtu anayelaza mapacha.

"Daktari," akasema, "niambie kama hii inaweza kuzaa mahindi."

"Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara," Nasike akajibu. Alikuwa ameshamwambia hivyo kwenye simu, lakini Mahamud alikuwa mtu wa kupandisha watu cheo. Nasike akafunua kopo la kwanza, akachungulia, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. "Mahamud! Huu si wa shamba. Huu ni wa kuchanganya na simiti!"

Ukweli ni kwamba Nasike hakuwahi kushika udongo wa namna ile. Alizaliwa Bungoma, akaja Eldoret kusoma, akabaki kufanya kazi. Miaka yote hiyo mikono yake ilizoea udongo wa mashamba ya Moiben na Ziwa, ule mwekundu unaoganda kwenye gambuti na kukataa kutoka hata ukiupigia magoti. Huu aliouleta Mahamud kutoka kwao Wajir uliteleza katikati ya vidole vyake ukarudi koponi, mkono ukabaki safi.

Mahamud alikuwa na lori la kupeleka viazi na mahindi kaskazini na kurudi na mbuzi. Kila akipita Moiben wakati mahindi yamesimama, alipunguza mwendo ayatazame. Kwao Wajir walikuwa na kisima cha mashine katikati ya malisho ya ukoo, na maji yapo. Sasa kwa nini wasilime? Alishaongea na mwenye trekta mmoja, akakubali libebwe kwa lori hadi huko. Kilichobaki kilikuwa kumshinda mama yake, Asha, aliyekuja Eldoret kutibiwa macho na ambaye kila jioni, pale nyumbani kwa Mahamud, alimuuliza swali lile lile: "Ukilima malisho, mbuzi watakula trekta?"

"Ukinipa majibu mazuri," Mahamud akamwambia Nasike, "nitamsomea mama, Hooyo wangu, hadi akubali."

Nasike akaanza kazi. Alilowesha mchanga kidogo kiganjani akajaribu kuufinyanga uwe mwembamba kama mnyoo, maana udongo wa kwao ungekubali hata kusokotwa pete. Huu ulivunjika kabla haujaanza. Akaujaza kwenye mrija wa kioo, akamimina maji juu. Maji hayakusita, yalipita moja kwa moja yakatokea chini kama mgeni aliyekosea nyumba. Alipoudondoshea asidi, ukachemka na kutoa povu kama soda iliyotikiswa, dalili ya chokaa nyingi. Chakula cha mimea kilikuwa haba, na mabaki ya majani yaliyooza, yale yanayoupa udongo weusi na nguvu, hayakufika hata ya kutajwa.

Makopo yote mawili yalikaribiana katika hayo. La kwanza, Mahamud alisema, alilijaza kando ya kisima. La pili alilijaza mahali pengine njiani, kwa sababu Nasike alimwambia asichote sehemu moja tu.

"Mahindi yatakunywa maji asubuhi, saa sita yana kiu," Nasike akamweleza. "Mbolea nayo utaiosha iende chini huko usikoiona. Kusema kweli, ndugu yangu, hii ardhi imekufa."

Mahamud akaondoka kichwa chini, na Nasike akajisikia vibaya. Hata hivyo meza ilihitajika. Akamwaga mchanga uliobaki kwenye mabeseni mawili, akaandika kwa kalamu lipi ni lipi, akayatoa nje nyuma ya maabara, kando ya ukuta. Alasiri mvua ya Eldoret ikaja kama kawaida yake, bila hodi, ikapiga mabati hadi watu wakawa wanaongea kwa ishara. Kesho yake ikarudia. Nasike akayasahau mabeseni.

Siku chache baadaye Linah, mwenzake wa maabara, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushutumiwa.

"Linah! Nani amenioteshea majani kwenye mchanga wa Mahamud?"

"Mimi napanda maua," Linah akajibu bila kuinua kichwa. "Majani nang'oa."

Nasike akainama. Katika beseni la pili vichipukizi vya kijani vilikuwa vimesimama wima, vyembamba kama sindano, vimesongamana kana kwamba vilikuwa vikisubiri mlangoni. Katika beseni la kisima hapakuwa na kitu. Mchanga mtupu, umelowa tu. Akarudi kwenye beseni la pili, akachimbua kidogo kwa kidole, akaona mbegu ndogo zenye manyoya zilizojificha chini. Mvua ilinyesha juu ya mabeseni yote mawili, ukuta ulikuwa ule ule, jua lile lile. Hakuna aliyepanda. Mbegu zilisafiri ndani ya kopo la mafuta kutoka Wajir hadi hapa, na yeye, na vyombo vyake vyote, akazitangaza maiti.

Hakungoja. Akampigia Mahamud. "Kuja. Na umlete Mama."

Asha alifika amevaa miwani myeusi ya hospitali, ameshikwa mkono na mwanawe, analalamika baridi. Nasike alimpa kiti kando ya beseni. "Karibu, Mama. Naomba uguse hapa."

Mama akashusha vidole polepole. Vilipogusa majani, vikasimama. Akakata jani moja, akalisugua, akalinusa, kisha akaliweka ulimini.

"Bado changa, siwezi kuapa," akasema. "Lakini hii ni kama daremo. Mahamud, ng'ombe wa baba yako walikuwa wanalala ndani ya nyasi hii, tunawatafuta kwa kengele. Umeitoa wapi?"

Mahamud akakohoa. "Chini ya mnara wa simu. Nilisimamisha lori nitafute mtandao, mlinzi akanifungulia, na kopo moja lilikuwa bado tupu."

Kumbe Asha ndiye aliyeongoza wanawake kuupinga mnara ule. Tangu usimame alikuwa akiulaumu kwa kila kitu: mvua kukimbia, maziwa kukauka, hata mkwe wake kutopokea simu. Midomo yake ikatetemeka, Nasike akadhani analia. Bibi yule alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani, Mahamud akamrudishia usoni haraka akiogopa daktari wa macho.

"Ule uzio wa waya wa mnara," Asha akasema akihema. "Mbuzi hawaingii."

"Ndiyo, Mama," Nasike akasema. "Mchanga ukiachwa unajishika juu, unafanya ganda jembamba. Mbegu zinakaa chini ya ganda, zinangoja. Pale kisimani kwato zimelivunja na kulisaga kila siku, upepo umebeba mbegu zote. Nilisema ardhi imekufa. Nilikosea. Imechoka tu."

"Na trekta?" Mahamud akauliza kwa sauti ndogo.

"Trekta litamaliza kazi ya kwato kwa siku moja. Mahindi nunua Moiben kama watu wengine."

Mahamud alinuna njia nzima hadi mjini, hivyo ndivyo mama yake alivyomsimulia Nasike baadaye. Lakini aliporudi Wajir alikata matawi ya miiba, yeye na binamu zake, wakazungushia kipande cha malisho mbali kidogo na kisima. Haikuwa rahisi. Majirani waliuliza ni nani amempa mtu ruhusa ya kufunga ardhi ya wote. Asha, sasa akiona vizuri, alienda boma kwa boma akinywa chai na kueleza kwamba ua ni wa wote na utafunguliwa kwa wote, ila si kabla ya wakati.

Baada ya mvua za vuli Nasike akachukua likizo, akapanda lori la Mahamud. Alipofika alivua viatu, akavivaa tena upesi, maana mchanga wa mchana ulikuwa umeiva kwa joto. Ndani ya ua nyasi zilikuwa zimeota kwa mafungu mafungu, hapa zimefika gotini, pale upara. Kona moja upepo ulikuwa umeifunika kwa mchanga kabisa. Si Moiben. Lakini nje ya miiba hapakuwa hata na unyasi wa kuchokolea meno.

Wazee walitaka ua ufunguliwe siku ile. Asha akamnyooshea Nasike kidole: mgeni aseme.

Nasike akashika suke moja la nyasi. "Wazee wangu, mbegu bado ziko juu. Zikidondoka, fungueni."

Wakazozana kwa Kisomali, kwa muda mrefu, mikono hewani. Katikati ya mzozo mbuzi mmoja akapata tundu kwenye miiba akaingiza kichwa. Mahamud, mtu wa trekta, aliruka kutoka kwenye mkeka na kiatu kimoja mguuni, akamkimbiza mbuzi yule hadi nyuma ya kisima huku akimtukana ukoo mzima, na ukoo huo ulikuwa wa mbuzi wake mwenyewe. Wazee wakacheka, wakakubaliana kungoja.